Jiwe la Sufu: Historia ya Erionaiti

Ndugu mkulima, leo hatuzungumzi habari za mbegu wala za viwavi jeshi. Tunazungumza habari za mawe. Usiruke kurasa hizi, maana mawe haya yana uhusiano na samadi yako, na kuta za nyumba yako, na pumzi unayovuta ukiwa shambani.

Siku hizi unga wa mawe uitwao zeolaiti unauzwa katika nchi nyingi. Wenye kuuza husema unashika mbolea isipotee, unakausha banda la kuku, unaondoa harufu ya zizi. Yasemwayo yana ukweli mwingi. Lakini zeolaiti si jiwe moja. Ni ukoo mkubwa wenye ndugu zaidi ya arobaini wanaopatikana katika ardhi, na katika ukoo huo yumo mmoja aliyeua watu. Jina lake ni erionaiti. Mkulima anayetaka kununua zeolaiti, au anayechimba jiwe jeupe laini kilimani kwake, inafaa ajue historia yake.

Tuanze na ukoo wenyewe. Mwaka 1756 mtaalamu wa madini wa Sweden, Axel Fredrik Cronstedt, alichukua kipande cha jiwe akakipasha kwenye ndimi za moto mkali. Jiwe likaanza kutoa mvuke na kuumuka kama chungu kinachochemka. Akaliita zeolaiti, jina alilounda kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja maana yake kuchemka na jingine maana yake jiwe. Yaani jiwe linalochemka.

Linachemka kwa nini? Kwa sababu lina maji ndani yake. Hebu fikiria sega la nyuki. Nje ni kitu kimoja kigumu, ndani ni vyumba vitupu na vijia. Zeolaiti nayo iko hivyo, ila vyumba vyake ni vidogo mno, haviingizi asali wala hata vumbi. Vinaingiza chembechembe za maji, za amonia, za potasi, za chokaa. Ukiipasha moto maji yanatoka, na jiwe linabaki na umbo lile lile. Likipoa, linayanywa tena kutoka hewani. Ni mawe machache sana duniani yanayoweza kufanya hivyo.

Wakulima walihusika na habari hii mapema kuliko unavyodhani. Huko Uingereza, katika miaka ya 1840, alikuwepo mwenye mashamba wa Yorkshire aitwaye H. S. Thompson. Jambo lililomsumbua ndilo linalokusumbua wewe: samadi inanuka, na ile harufu ni amonia, na amonia ni chakula cha mimea kinachoruka kwenda zake. Alijaza udongo katika chombo, akamimina juu yake maji yenye salfeti ya amonia. Yalipochuruzika chini, amonia ilikuwa imebaki katika udongo, na badala yake maji yalitoka na chokaa. Udongo ulikuwa umebadilishana bidhaa, kama watu wawili gulioni. Mkemia J. Thomas Way akaendeleza majaribio hayo, na taarifa zao zikatoka mwaka 1850. Mwaka 1858 Mjerumani aitwaye Eichhorn akaonyesha kwamba zeolaiti hufanya biashara hiyo hiyo ya kubadilishana.

Katika mashamba yetu mengi kazi hiyo hufanywa na mfinyanzi na mboji, wala si zeolaiti. Hilo nitalirudia mwishoni, maana linahusu fedha zako.

Sasa huyu ndugu mwenye sifa mbaya. Mwaka 1898 Mmarekani Arthur Eakle alieleza madini mapya yaliyopatikana katika machimbo ya opali karibu na kijiji cha Durkee, katika jimbo la Oregon. Ndani ya mianya ya mwamba zilikuwapo nyuzi nyeupe, laini, zilizopinda kama manyoya ya kondoo. Kwa Kigiriki sufu huitwa erion, na hapo ndipo jina la erionaiti lilipotoka. Jiwe la sufu.

Kwa miaka kama sitini hivi erionaiti ilihesabiwa kuwa adimu kabisa, kitu cha kuwekwa katika kabati la kioo. Kisha mwaka 1959 Kenneth Deffeyes akatangaza kwamba ameikuta katika jimbo la Nevada, si katika mwanya mmoja wa mwamba bali katika matabaka ya majivu ya volkeno yaliyolala chini ya maziwa ya kale. Huko haikuonekana kama sufu. Ilikuwa sindano ndogo ndogo zilizochanganyika na jiwe, zisizoonekana kwa macho, na ilitambuliwa kwa vipimo vya eksirei. Baada ya hapo ikaanza kuonekana sehemu nyingine kavu za magharibi ya Marekani na katika nchi nyingine. Bado ni adimu ukiilinganisha na ndugu zake, lakini uadimu wake wa mwanzo ulitokana na macho yetu kuliko ardhi yenyewe.

Inatokeaje? Mlima wa moto hulipuka na kurusha majivu. Majivu hayo si kama ya jikoni kwako. Ni vipande vidogo sana vya kioo. Yakiangukia ziwa lenye maji ya chumvi na magadi, ziwa lisilo na mto wa kutoa maji nje, yale maji makali huanza kuyeyusha kile kioo. Unajua mwenyewe magadi yanavyolainisha maharage magumu; basi ziwa zima la namna hiyo, kwa maelfu ya miaka, hulainisha hata kioo. Kilichoyeyuka hujipanga upya kuwa fuwele za zeolaiti. Aina itakayotokea inategemea ukali wa maji, chumvi zilizomo, na majivu yenyewe. Mahali pamoja panaweza kuwa na aina mbili, tatu, hata nne zilizochanganyika. Nakuomba ukumbuke sentensi hiyo ya mwisho. Zaidi ya hapo, erionaiti hupatikana pia katika matundu ya miamba ya kale ya lava, kwa kiasi kidogo.

Volkeno, ukame, ziwa la magadi: mambo yote matatu tunayo katika Bonde la Ufa. Huko Kenya, wachunguzi Ronald Surdam na Hans Eugster walieleza mwaka 1976 jinsi majivu ya volkeno yalivyogeuka kuwa zeolaiti katika eneo la Ziwa Magadi, na erionaiti ni mojawapo ya zile zilizo nyingi hapo. Kwetu Tanzania, mtaalamu Richard Hay alifanya kazi miaka mingi katika Bonde la Olduvai, pale pale walipochimba akina Leakey, na alikuta matabaka yenye zeolaiti za aina mbalimbali. Kwa hiyo tusizungumze habari hizi kama hadithi ya watu wa mbali.

Sasa twende Uturuki, maana huko ndiko dunia ilikojifunza, na ilijifunza kwa gharama ya maisha ya wakulima.

Katikati ya nchi hiyo kuna eneo liitwalo Kapadokia. Zamani sana volkeno zililifunika kwa majivu mengi, na majivu yakagandamana kuwa jiwe laini. Jiwe hilo unalichonga kwa sururu kama unavyochonga kisuguu. Watu wa huko tangu kale wamechonga nyumba ndani ya miamba, wamechonga maghala ya mazao, wamechonga mazizi, na wamekata matofali ya kujengea. Ni vifaa vizuri: havigharimu kitu, nyumba haina joto wakati wa kiangazi wala baridi kali wakati wa theluji. Mimi ningekuwa bwana shamba huko miaka hiyo, ningewasifu kwa kutumia mali waliyo nayo.

Lakini katika vijiji vitatu, Karain, Tuzköy na Sarıhıdır, watu walikuwa wakifa kifo cha namna moja. Mtu mwenye nguvu zake, wa miaka arobaini au hamsini, anaanza kusikia maumivu ubavuni. Pumzi inakuwa fupi. Kifua kinajaa maji. Daktari anayatoa, yanarudi. Anakonda. Mara nyingi haupiti muda mrefu anazikwa. Na haikuchagua wanaume wala wanawake.

Daktari Izzettin Barış, wa Chuo Kikuu cha Hacettepe mjini Ankara, alitambua katika miaka ya 1970 kwamba wagonjwa wengi mno walikuwa wakitoka mahali pamoja. Ugonjwa wao ulikuwa mesothelioma, yaani kansa ya utando unaofunika mapafu. Mahali pa kawaida ugonjwa huu huwapata mtu mmoja au wawili katika watu milioni moja kwa mwaka. Daktari anaweza kufanya kazi maisha yake yote asiuone. Karain kilikuwa kijiji cha watu wasiofika hata mia sita, na wagonjwa wake walihesabiwa kwa makumi. Hesabu zilipofanywa kwa miaka mingi katika vijiji vile, ilionekana kwamba karibu nusu ya vifo vyote vilitokana na ugonjwa huo mmoja.

Mwanzoni walishuku asbesto, na walikuwa na haki ya kuishuku. Mwaka 1960 daktari Chris Wagner na wenzake walikuwa wameonyesha, kwa wagonjwa 33 wa Afrika Kusini, kwamba kansa hii inafuata vumbi la asbesto. Na vipo vijiji vingine vya Uturuki ambako watu walipaka kuta zao udongo mweupe wenye asbesto, wakaugua. Lakini Karain hakukuwa na asbesto ya kutosha kueleza vifo vingi kiasi kile. Walipochunguza mawe ya kujengea, na vumbi la nyumbani, na mapafu ya marehemu, wakakuta nyuzi za kitu kingine. Ilikuwa erionaiti, lile jiwe la sufu la Eakle.

Angalia jambo hili, ndugu mkulima. Jirani na Karain kipo kijiji kiitwacho Karlık. Watu wa kabila moja, kilimo kimoja, hewa moja, chakula kimoja. Karlık hawakufa kifo hicho. Tofauti kubwa ilikuwa jiwe lililowazunguka.

Yule Wagner baadaye alifanya jaribio kwa panya. Alichukua erionaiti kutoka Oregon, akawavutisha vumbi lake panya 28. Matokeo yalitoka mwaka 1985: panya 27 walipata mesothelioma. Asbesto haijawahi kuleta matokeo kama hayo kwa panya waliovutishwa vumbi. Mwaka 1987 shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansa, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, likaiweka erionaiti katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kuleta kansa kwa binadamu.

Jambo jingine linasikitisha. Wapo watu wa Karain waliohamia Sweden kutafuta kazi. Walidhani wameuacha ule ugonjwa nyuma yao. Wachunguzi waliowafuatilia wakatoa taarifa mwaka 1999: hata huko ugenini, wengi wa waliofariki kati yao walikufa kwa mesothelioma ile ile. Waliondoka na nyuzi kifuani. Ugonjwa huu hukaa kimya miaka ishirini, thelathini, hata zaidi ya hapo, ndipo ujitokeze, na wale walikuwa wamelivuta vumbi hilo tangu siku walipozaliwa. (Nchi hiyo hiyo ya Sweden ndiko Cronstedt alikolipa jiwe jina.)

Wataalamu wamebishana pia kwa nini nyumba fulani zilipoteza watu wengi kuliko za jirani. Wako wanaosema urithi wa damu una sehemu yake, kwamba baadhi ya koo huumia upesi zaidi. Huenda ikawa hivyo. Lakini urithi peke yake, bila lile vumbi, haukujaza makaburi ya Karain. Baadaye serikali ya Uturuki ikajenga makazi mapya kwa mawe na saruji isiyo na erionaiti, na watu wakahamishwa.

Sasa utauliza: mbona zeolaiti nyingine haziui? Vyumba ni vile vile, chumvi ni zile zile, asili ni majivu yale yale. Jibu kubwa liko kwenye umbo. Zeolaiti inayouzwa sana kwa wakulima huitwa klinoptilolaiti, na kwa kawaida fuwele zake ni vibao vidogo vidogo. Erionaiti ni nyuzi. Nyuzi hizo ni nyembamba hata ukizipanga bega kwa bega zaidi ya hamsini ndipo upate unene wa unywele mmoja wa kichwa chako. Kitu chembamba hivyo hakizuiliwi puani wala kooni. Kinapita mpaka mwisho wa pafu, na kinafika kwenye utando. Tena hakiyeyuki. Mwili unapigana nacho miaka na miaka, na katika mapigano hayo kansa huanza. Kwa hiyo hatari ni kuivuta kwa pumzi. Jiwe lililotulia ardhini halimfuati mtu. Linamfuata likivunjwa, likisagwa, likifagiliwa, likipitiwa na magari.

Habari ya magari si ya kubuni. Katika jimbo la North Dakota, Marekani, wilaya ya Dunn ilichimba kokoto katika milima ya Killdeer ikazimwaga katika barabara zake, zaidi ya kilometa 480. Baadaye ikajulikana kwamba kokoto zile zina erionaiti. Mwaka 2011 wachunguzi walitoa taarifa kwamba hewa waliyoipima barabarani na ndani ya magari, pamoja na mabasi ya watoto wa shule, ilikuwa na nyuzi hizo kwa kiasi cha kulinganishwa na kijiji kimojawapo cha Uturuki chenye ugonjwa. Nchi tajiri, yenye maabara kila mahali, ilitandaza jiwe hilo barabarani miaka mingi baada ya Karain kujulikana. Sisemi hivi kuwacheka. Nasema kwa sababu na sisi tunamwaga kokoto na kifusi barabarani kila siku, na ni nadra mtu kuuliza kifusi hicho ni jiwe gani.

Na kulikuwa na hatari nyingine iliyotaka kumfikia mkulima moja kwa moja. Kabla ubaya wake haujajulikana, erionaiti ilitumika katika viwanda vya kusafisha mafuta, na wapo waliochunguza namna ya kuitumia kurutubisha udongo na kupunguza harufu ya mabanda ya mifugo. Kwa kazi yenyewe ingefaa, maana inashika amonia vizuri.

Klinoptilolaiti ilipata bahati nzuri zaidi. Wakulima wa Japani wameitumia miaka mingi katika udongo na mabanda, na tangu miaka ya 1960 wafugaji wa huko wamejaribu kuitia kidogo katika chakula cha nguruwe na kuku. Mwaka 1997 lile shirika la kansa liliichunguza pamoja na ndugu zake kadhaa, likasema ushahidi hautoshi kuziweka katika kundi la vitu viletavyo kansa. Huko si kusema ni salama kama unga wa sembe. Vumbi la jiwe lolote ni baya kwa mapafu.

Basi ukiletewa mfuko wa zeolaiti, muulize mwuzaji mambo mawili. Kwanza, ni zeolaiti ya jina gani? Akikujibu "zeolaiti tu," hajui anachouza. Pili, imepimwa kwa eksirei, na cheti kiko wapi? Ile sentensi niliyokuomba uikumbuke inarudi hapa: tabaka moja la mwamba linaweza kuwa na aina kadhaa zilizochanganyika, na macho yako, hata yangu niliyesomea, hayawezi kuzitenganisha. Ukishaununua, utie shambani siku isiyo na upepo, uuloweshe kwanza, ufunike pua na mdomo. Usiwape watoto kazi ya kuupepeta.

Kwa ninyi mlioko Bonde la Ufa, karibu na maziwa ya magadi na milima ya volkeno: jiwe jeupe au la kijivu, laini, linalochongeka na kuacha unga mkononi, usilisage kwa ajili ya kupaka kuta, wala usilifanye sakafu, kabla halijapimwa. Kipande cha ukubwa wa ngumi kinatosha kwa kupimwa. Ofisi ya jiolojia iko Dodoma, na bwana shamba wa wilaya anaweza kukusaidia kukipeleka. Anayelazimika kuchimba na alowanishe mahali kwanza. Anayefagia nyumba ya jiwe hilo na anyunyize maji kabla ya kushika ufagio.

Nilisema nitarudi kwenye fedha. Thompson wa Yorkshire hakununua zeolaiti. Alitumia udongo wa shambani, na amonia ilibaki. Nawe unaweza. Lundo la samadi lililo juani, lililo wazi, linapoteza chakula cha mimea kila siku, na pua yako ndiyo shahidi. Liweke kivulini, tandaza juu yake tabaka la udongo wa mfinyanzi la unene wa vidole vinne, kila unapoongeza samadi ongeza na udongo, kisha funika kwa majani ya migomba au nyasi. Kama baada ya siku tatu bado linanuka sana, udongo ni kidogo, ongeza.